Dresa Aliyeuliza Matangani

Sisi watu wa pwani tukienda matangani tunajua la kusema. Unaingia, unapeana mikono na wafiwa, unasema poleni, kazi ya Mungu haina makosa, kisha unakaa jamvini na kuinamisha kichwa. Ukitaka kujua zaidi, unangoja mpaka uwe njiani kurudi kwako, ndipo unapomuuliza jirani kwa sauti ya chini. Huo ndio ustaarabu tuliolelewa nao. Dresa hakuwa nao. Yeye aliingia, akatoa pole kama watu wengine, akakaa, na kabla hajapewa hata kikombe cha kahawa akamgeukia aliye karibu naye na kuuliza kwa sauti iliyosikika mpaka uani kwa wanawake, "Marehemu kafa na nini?"

Mtu akimjibu kwamba siku zake zimefika, Dresa aliitikia kwa kichwa.

"Naam, zimefika. Zimefika kwa njia gani?"

Nimeishi miaka mingi na nimewaona wasio na haya wa kila namna, lakini sijamwona mwingine wa kuuliza hivyo mbele ya mama mwenye msiba. Wanaomkumbuka Bagamoyo wamebaki wachache sasa, nao wakimtaja wanautaja ulimi wake tu, basi, kana kwamba mtu mzima anaweza kuwa ulimi. Ndiyo maana nataka kumweleza kama nilivyomjua mimi. Jina alikuwa nalo, na mkewe alilitumia. Mji mzima tulimwita Dresa kwa ajili ya kazi yake, ya kusafisha na kufunga vidonda hospitalini, naye akaitikia bila kununa.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wenyewe. Alivaa soksi ndefu zilizofika magotini hata wakati wa jua kali. Ukimwamkia shikamoo, alikujibu marahaba huku amekwisha kukutazama ndani ya macho, kama mpishi anayechagua samaki mnadani. "Damu yako imepungua," angekwambia hapo hapo njiani, watu wanasikia. "Njoo kesho nikupe dawa ya minyoo." Jirani yangu mmoja aliapa kutopita tena mbele yake, kwa sababu alimpongeza kwa mimba ambayo mumewe alikuwa hajaambiwa.

Ulimi ule haukujua kusema uongo. Wagonjwa wake walilijua hilo, na nadhani ndiyo sababu waliuvumilia. Ukimuuliza kama sindano itauma, alisema itauma sana. Ukimuuliza kama kovu litabaki, alisema litabaki, tena baya. Kwa hiyo siku akikwambia utapona, ulirudi nyumbani ukapika chakula kizuri, kwa kuwa umekwisha kupona tayari.

Lakini mtu yule yule, mkitandika bao mbele yake, alikuwa mwizi wa kete asiye na mfano. Alificha kete katikati ya vidole na katika mkunjo wa soksi zile ndefu, na akikamatwa alifoka kuliko aliyeibiwa. Mume wangu Shomari alipenda kucheza naye kwa ajili ya kumkamata tu. Walikuwa wakigombana barazani mpaka mimi ninatoka na upawa kuwauliza kama wao ni watoto. Na jambo jingine: Dresa aliwakemea sana akina mama waliowafunga watoto hirizi badala ya kuwaleta hospitali, hali yeye mwenyewe alikuwa nayo moja, imeshonwa katika ngozi, ndani ya mfuko wa shati. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Hii kanipa mama yangu," alisema. "Nyinyi nawabishia. Mama yangu simbishii."

Chumba alichofanyia kazi kilikuwa ubavuni mwa hospitali, upande wa barabara, na mlango wake haukufungwa. Sisi tulikiita chumba cha damu. Homa, kikohozi na tumbo la kila siku vilikwenda foleni upande wa mbele. Ubavuni waliletwa waliopatwa na jambo la ghafla: mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, mtoto aliyemwagikiwa na uji, aliyeumwa na nyoka, mwanamke ambaye uchungu wake haumalizi kazi, na zaidi ya wote wakwezi wa minazi. Bagamoyo ni minazi, na minazi huangusha watu. Benchi la chumba kile halikukaa tupu tangu nilipolijua. Watu walilalamika kwamba Dresa ana mikono mizito na maneno mazito zaidi, lakini mtu akianguka mguu wa kwanza ulielekea kwake.

Kisha ikaja ndui. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili kwisha. Ilitoka bara, ikashuka kijiji kwa kijiji, na serikali ikajenga kambi ya makuti mchangani, nje ya mji. Mtu akionekana na vipele, gari la kusukuma la hospitali lilimchukua mpaka huko. Aliyepona alirudi na uso wa makovu. Aliyekufa hakurudi. Alifukiwa huko huko katika blanketi lake, akamwagiwa chokaa, bila josho, bila sanda, bila sala ya jamaa zake.

Wageni wanadhani tuliogopa ndui. Ndui tuliijua, bibi zetu waliiugua na wengine wakaishi mpaka wakatulea. Tulichoogopa ni kuzikwa vile. Mtu wa kwetu anaweza kustahimili kufa, lakini kwenda mbele ya Mola wake hajaoshwa ni jambo ambalo hakuna mama wa kulikubali kwa mwanawe. Na kwa kuwa gari lile lilitokea katika lango la hospitali na kurudi katika lango lile lile, tukakata shauri kwamba lango lile ndilo njia ya chokaani. Ukiingia na jino, utatokea kambini. Hakuna aliyetangaza hivyo, na kila mtu alikuwa amesikia.

Basi watu wakaacha kwenda. Si wenye homa peke yao, wote. Chumba cha damu kikawa kitupu kwa mara ya kwanza, na waliopita barabarani walimwona Dresa ameketi peke yake juu ya benchi la wagonjwa, soksi zake zimevutwa juu, hana la kufanya. Wapo waliosema Alhamdulillahi, angalau maradhi mengine yametupumzisha. Shomari alimtania kwamba sasa amepata likizo. Dresa hakucheka.

"Minazi haijaacha kuangusha watu," alisema. "Nyoka hawajahama. Basi watu wangu wako wapi?"

Hapo ndipo alipoanza kuhudhuria matanga. Zamani alikwenda kwa jamaa na majirani tu, kama sisi sote. Sasa alikwenda kila palipo na msiba, hata kwa asiowajua, mpaka Kaole na Zinga, kwa baiskeli, na kote aliuliza swali lake. Mimi nilikuwapo katika matanga ya mke wa mvuvi mmoja, jamaa yetu wa mbali. Dresa aliuliza, akauliza tena. Mwishowe mzee mmoja akamwambia kwa hasira kwamba mtoto alikaa vibaya tumboni, je, ameridhika?

"Uchungu ulimkaa muda gani?"

"Toka hapa!" mzee akasema. "Ebo! Wewe ni mtu au ni karani wa Izraili?"

Dresa alisimama, akavaa viatu vyake, na kabla ya kutoka akasema maneno ambayo watu hawakumsamehe kwa muda mrefu. "Mnaihesabu ndui peke yake, na huyu hakufa na ndui. Huyu kafa kwa kuogopa lango." Mwanamke mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo kutoka dirishani. Alipanda baiskeli yake vile vile, shati limelowa, akaenda zake.

Nilikuwa miongoni mwa walioona kwamba amestahili maji yale. Nyumba yenye msiba si mahali pa kutoa hotuba.

Halafu ikafika zamu yetu. Shomari alikuwa mkwezi katika shamba la familia moja ya Kiarabu, njia ya Kaole. Alikuwa hodari, tena mwenye madaha, aliimba akiwa juu ili wanawake walio chini wamtazame, na aliponioa hakuacha kuimba. Asubuhi moja mguu uliteleza katika kata ya mnazi, pale panapochongwa pa kukanyagia. Walimleta nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Chini ya goti mfupa ulikuwa umepasua ngozi na kutoka nje, mweupe. Yeye alikuwa akisema mfululizo kwamba si kitu, si kitu.

Tuliishi nyumba moja na mama yake, mjane mwenye mtoto huyo mmoja tu. Nilisema tumpeleke hospitali. Mama mkwe aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"Nimezaa mmoja," alisema. "Simtoi akafukiwe kama mbwa."

Nilikuwa bi harusi wa juzi katika nyumba ya watu. Aliitwa mganga wa viungo, mzee aliyeheshimika kwa kazi yake, akaurudisha mfupa ndani, akaufunga kwa vijiti na kupaka majivu na majani. Siku ya kwanza Shomari alikunywa uji. Siku zilizofuata mguu ulivimba ukawa mweusi, ukaanza kunuka, naye akaanza kuongea na watu ambao hawakuwamo chumbani. Mama mkwe alifukiza udi ili majirani wasiisikie harufu. Usiku alisali, mchana alisali, na kila nilipofungua mdomo aliniambia nichote maji.

Dresa safari hii hakungoja matanga. Alikuwa ameanza kuzunguka mashambani, anawauliza wasimamizi nani kaanguka, na hivyo akalisikia jina la mwenziwe wa bao. Alikuja mchana, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Hodi."

"Hatuna mgonjwa," mama mkwe akasema kutoka ndani.

"Sijauliza mgonjwa, mama. Nimesema hodi."

Mtu wa pwani hawezi kukataa hodi. Alimkaribisha, akasimama mlangoni mwa chumba na kuukinga mlango kwa mwili wake. Hakumzidi Dresa kimo, lakini nisingependa kuwa mimi wa kumpita. Dresa hakujaribu kumpita. Alikaa chini sakafuni, pale pale ukumbini, kofia mkononi.

"Mama, harufu imenifikia tangu nje. Mguu unaoza."

"Tunautia dawa."

"Mganga wenu namheshimu. Mfupa uliovunjikia ndani anaujua kuliko mimi. Huu ulitoka nje, ukala mchanga. Nipe nimpeleke."

"Utanirudishia?"

"Sijui kama atapona."

"Sikuulizi kupona," mama mkwe akasema, na hapo sauti yake ilikatika. "Kupona na kutopona ni kwa Mungu. Nakuuliza akifa. Akifa, nitampata mwanangu nimwoshe, au mtampeleka mchangani?"

Nilimtazama Dresa. Sote tulijua kwamba yeye ni mfunga vidonda tu, na amri ya maiti haikuwa yake. Alizungusha kofia yake mkononi.

"Akifa, ataoshwa," alisema.

"Na nani?"

"Ataoshwa, mama. Nimesema."

Mama mkwe alimwangalia vile Dresa alivyozoea kuwaangalia watu, machoni kabisa, halafu akasogea. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba katikati ya mji, na njiani niliona madirisha yakifungwa moja baada ya jingine.

Daktari Mzungu aliukata mguu siku ile ile. Nalisema hili kwa sababu watu walizua mengi baadaye: walimshughulikia vizuri, na kesho yake homa ilishuka, akanijua, akaniuliza nani ataikwea minazi ya shamba lote lile. Nilikwenda nyumbani kumpikia uji wa mtama nikiimba mimi mwenyewe. Niliporudi nikakuta wodi imefungwa. Mgonjwa aliyelala kitanda cha tatu kutoka kwake alikuwa ametokwa na vipele. Hakuna wa kuingia wala kurudi kwao, mzima au maiti, mpaka siku za ndui zipite.

Basi tukawa watu wa ua. Hospitali ilizungukwa na ua wa michongoma, mrefu, ulioshikamana, na mimi na mama mkwe tulikuwa tukija kusimama nje yake. Dresa, ambaye chumba chake kilikuwa mbali na wodi ile, alikwenda kuwauliza wauguzi dirishani, kisha akaja penye ua kutuambia. Hakutupambia maneno. Kalala vizuri. Kala kidogo. Homa imerudi. Homa imepanda. Asubuhi ya Ijumaa alikuja, akasimama upande wake wa michongoma, na kabla hajasema nikajua.

"Mama, Shomari kafariki alfajiri. Sumu ya mguu ilikuwa imekwisha kuingia mwilini. Nimezungumza na Daktari, hawezi kumtoa."

Kilio cha mama mkwe sitakieleza. Alipopata pumzi alisema neno moja tu, "Uliniahidi."

"Niliahidi ataoshwa," Dresa akasema. "Niitieni Mwalimu. Mwambieni alete kila kitu."

Baadaye tulisikia yaliyopita ndani. Daktari, ambaye alikuwa amechoka lakini si mtu mbaya, alimweleza kwamba wazikaji wa hospitali hawafunui maiti. Wanafunga na kufukia. Atakayemfunua na kumgusa hatakwenda nyumbani, atapelekwa kambini na kukaa huko mpaka ijulikane kama ameshika ugonjwa. Dresa alikuwa na mke na mabinti. Alijibu kwamba amesikia, akaomba maji ya vuguvugu.

Mwalimu wa chuo alikuja mbio, mzee mwembamba aliyewafundisha Kurani karibu wanaume wote wa mtaa wetu, na nyuma yake wakaja wanaume wengi. Waliivusha sanda juu ya michongoma kwa upondo wa mtumbwi, na pamba, na kafuri, na majani ya mkunazi. Ndani, chini ya kibanda cha makuti karibu na ua, tulisikia kitanda kikiwekwa. Kumbe mtu yule aliyeshika vidonda vya nusu ya mji hajawahi kuosha maiti maishani mwake.

"Mwalimu," akaita, "nianze wapi?"

Mwalimu akasogea mpaka miiba ikagusa kanzu yake, akapaza sauti kama anavyopaza chuoni. Mfunike kwanza, kitovu hadi magoti. Tia nia. Funga kitambaa mkononi. Tulisikia maji yakimwagika. Sasa mtawadhishe. Sasa kichwa na ndevu, pole pole. Sasa ubavu wa kulia. Mimi na mama mkwe tulikuwa nyuma yao, tumeshikana, na kila Mwalimu alipotaja kiungo nilikiona.

"Mwalimu, mahali palipokatwa ngozi haishiki. Nikisugua itatoka."

"Usisugue. Mwagia maji tu. Maiti haguswi ila kama mzima anayeumwa."

"Hilo nalijua," Dresa akasema ndani.

Mara ya pili. Mara ya tatu, kwa kafuri. Nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwalimu alimuuliza kama uso umeelekea vizuri, akajibu umeelekea. Kisha Mwalimu akageuka, akawapanga wanaume safu safu nje ya michongoma, wakamsalia Shomari na ua katikati yao, na waliposema takbira ya kwanza nilisikia sauti moja ndani ikiitikia. Mama mkwe aliketi chini vumbini. Hakulia tena siku ile.

Dresa alimlaza kaburini huko mchangani yeye mwenyewe, kwa ubavu wa kulia, akatoka pale moja kwa moja mpaka kambini.

Sasa nitasema lililofuata, na nitalisema kama nilivyolihisi. Kesho yake, karibu na saa sita, alibebwa mwanamke kutoka Kaole ambaye uchungu ulikuwa umemshinda. Mumewe alisimama langoni, akamuuliza askari, "Hapa ndipo wanapoosha?" Askari akamwambia ndiyo, wameosha jana. Wakaingia. Alitoka na mtoto hai. Kesho kutwa akaja aliyeumwa na nyoka, halafu mvuvi, halafu mkwezi. Mwalimu akakubaliana na Daktari, wakachaguliwa wanaume wawili na wanawake wawili waliokwisha chanjwa, kazi yao kuosha atakayefia ndani. Ndui ilikuwa bado imo mjini, kambi bado imejaa, na chumba cha damu kikajaa tena.

Watu walikuja matangani kwetu kuniambia kwamba Shomari ni baraka, kwamba kwa ajili yake fulani kapona na fulani kapona. Niliwaitikia kwa adabu. Moyoni niliwachukia wote, pamoja na yule mtoto wa Kaole. Mume wangu hakuwa daraja la watu kuvukia. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, nami nilimtaka.

Dresa hakushikwa na ndui. Alipotoka kambini alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake, amekonda, kaptula haina mkunjo. Alitoa pole, akakaa jamvini, akanywa kahawa. Hakuuliza lolote. Watu waliokuwapo walitazamana. Aliaga akaenda, na tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa akimpelekea chakula kila sikukuu, ingawa hakumpelekea mwenyewe, alinituma mimi.

Maana mimi sikuondoka. Eda ilikwisha, kwetu wakaja kunichukua, nikasema nitabaki na mama. Watu walisema nina moyo wa dhahabu. Uongo mtupu. Kwetu kulikuwa na mama wa kambo. Tulibaki wawili katika nyumba ile, tunatwanga kinu kimoja, tunakula sinia moja, na kati yetu kulikuwa na siku zile ambazo Shomari alilala ndani udi ukifukizwa. Hatukuzitaja hata siku moja. Yeye akisema jina lake, wageni walimwahi: kazi ya Mungu, mama, kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nilinyamaza. Nilimwogesha alipodhoofika, nikamlisha, nikamnyamazia, miaka.

Mara ya mwisho nilipomwona Dresa alikuwa amekwisha staafu. Alihamia Mkange kwenye shamba la mkewe, kichwa kimekuwa cheupe chote, na alikuja mjini kwa lori mara moja moja kununua chumvi na mafuta ya taa. Alipita kwetu alasiri moja. Nilimwamkia, akanitazama machoni, akaniambia ninakula kidogo mno. Nilimwambia aingie, mama hainuki tena kitandani.

Alikaa juu ya kigoda karibu na kitanda, akamshika mkono kwanza kwa salamu, kisha vidole vikahamia kwenye mshipa. Walizungumza habari za Mkange, nguruwe wanavyomaliza mihogo, na bei ya nazi. Nikaleta chai. Mama mkwe hakuigusa.

"Dresa," akasema, "nina neno nataka kukuuliza, na wewe husemi uongo."

"Niulize, mama."

"Ungemchukua siku ile ile aliyoanguka, angeishi?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimtazama Dresa juu ya kichwa cha mama mkwe, nikamtikisia kichwa, nikamwomba kwa macho. Kikongwe yule alikuwa na siku ngapi zilizobaki? Mtu gani angeshindwa kumwambia hapana? Dresa aliniona vizuri sana. Aliuweka mkono wa mama mkwe juu ya shuka na hakuuachia.

"Angeishi, mama," alisema. "Na mguu huenda angebaki nao."

Nilitaka kumfukuza. Mama mkwe alifumba macho, machozi yakashuka pande zote mbili mpaka masikioni, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa imetulia kuliko nilivyoisikia kwa muda mrefu.

"Nilijua," alisema. "Mji mzima unaniambia kazi ya Mungu. Miaka yote hii nimetaka kutubu, nimeshindwa. Nitatubu vipi jambo ambalo kila mtu ananiambia si langu?"

Kisha akageuza kichwa, akanitafuta mimi. "Mwanangu. Nilikuzuia, na ulikuwa na haki. Nisamehe."

Hasira niliyokuwa nayo kwa Dresa nikaona haikuwa ya Dresa, ilikuwa ya zamani, nimeipikia na kuilaza nyumba moja nami. Nililia kama sikuwahi kumlilia Shomari. Dresa hakutoka nje kutuachia nafasi, kama mstaarabu mwingine angefanya. Alikaa pale pale juu ya kigoda, ananitazama, anangoja.

"Nimekusamehe, mama," nikasema. Sikulisema kwa wema. Lakini mbele ya mtu yule sikuwahi kuweza kusema lisilo kweli, na nilipolisikia limetoka, nikajua limetoka kweli.